Upande wa Pili

Nilimwambia mwaka wa themanini na saba, jikoni,
unga wa viazi umenifika viwikoni:
Ginter, hii ni kelele ya mtu
anayemwaga gunia la makaa kwenye ngazi.
Akacheka. Akasema, "Asante."

Leo nimenunua redio ya kaseti
kwa bei ya kilo mbili za soseji
kwa mzee auzaye saa mbovu nyuma ya kanisa.
Kitufe cha kurudisha nyuma kimekufa.
Kaseti ilikuwa ndani ya kopo la vifungo,
na mwandiko wa kaka yangu, wino wa zambarau:
FUKO. Vipande saba. Usifute.

Nusura nifute. Nilitaka kurekodi juu yake
komunyo ya kwanza ya binti yangu;
nilikosa tu utepe wa gundi
wa kuziba vile vitundu viwili.

Mgodi wa Ruda umefungwa. Pale kwenye chumba cha taa,
nilipogawa taa na kupokea taa miaka kumi na tisa,
nikijua kwa namba ya ndoano
nani bado hajapanda,
wanauza viatu vya michezo.

Kipande cha kwanza kinanipiga kifuani kama zamani:
mbio, mbwa watano kwenye mnyororo mmoja.
Nanyoosha mkono nizime.
Ndipo gitaa linasimama
mahali ambapo mwenye akili timamu hasimami.
Nyuzi mbili zimenuniana, zinaachwa zinuniane,
hakuna anayezipatanisha,
na Ernest, mwana wa fundi bomba, chini kwa miguu:
mbili, mbili, tatu.
Mbili, mbili, tatu.
Si nne. Nne ni ya kuandamana, alikuwa akisema,
nne waachie Mei Mosi.

Maneno yalipelekwa kwa mkaguzi, nakala tatu:
chombo cha angani kinashuka sayari isiyo na jua,
mwanga unagawiwa kwa kadi,
abiria hawaulizi nani anaendesha.
Akapiga muhuri: Hadithi ya kitoto. Haina madhara.
Sisi wa foleni ya nyama tangu saa kumi alfajiri
tulijua chombo kile kina kamba ya chuma
na kengele.

Nimeweka kisu chini, viazi vinageuka vyeusi.
Nahesabu kwa kidole juu ya meza.
Ngazi.
Walizihesabu ngazi.
Kila bonge la makaa linajua
linaangukia daraja gani.

Mwisho wa kipande cha nne kuna mlio mwembamba,
kama vijiko vikioshwa chumba cha pili.
Watu walimuuliza Ginter ni ala gani, akakataa kusema.
Ni ndoano zangu.
Nilimpa ufunguo usiku mmoja, nikageuza uso,
naye akapitisha ufito juu ya ndoano mia nne
zilizo tupu, maana zamu ilikuwa chini.

Kaka yangu yuko Bochum tangu themanini na nane.
Anauza vigae vya bafuni.
Ana kifaa sikio la kushoto, na habari za Fuko hazitaki.
Nampigia. Sisalimu.
Naweka simu kwenye spika,
nasikia, ng'ambo ya pili, friji yake ikinguruma.

"Hapo Ernest alichelewa," anasema.
"Hakuchelewa. Nimehesabu."
"Wewe? Wewe uliyesema makaa?"
"Nilisema na ngazi."

Kimya. Halafu kitu kinagonga huko,
pete au kijiko, kwenye meza ya nchi nyingine:
mbili, mbili

"Rudisha nyuma, Urszula."
"Kitufe kimekufa."
"Rudisha."
"Ngoja basi. Usikate.
Natafuta penseli."